Msimu wa Moshi: Kutoka Segese hadi Visiwa vya Maldivi

Kila mwaka, mnamo mwezi wa Julai, watu wa Makunduchi, kusini mwa kisiwa cha Unguja, huuaga mwaka wao wa jua na kuukaribisha mpya. Katika shughuli za Mwaka Kogwa, baada ya wanaume kuchapana kwa mabua ya migomba, hujengwa kibanda cha makuti kikatiwa moto, na macho ya wazee yakaufuata moshi kuona unaelekea wapi. Moshi ule ndio kauli ya kwanza ya mwaka. Jambo ambalo aghalabu halisemwi ni kwamba katika mwezi huo upepo ni wa kusi, nayo kusi haina kigeugeu. Mtu mwenye shaka angeweza kusema kuwa jibu hujulikana kabla ya swali. Hata hivyo iko hekima kubwa katika desturi hiyo, hekima ya kutambua kwamba moshi una safari, na kwamba safari hiyo inawahusu watu ambao hawakuuwasha moto.

Kusi ileile ipitayo juu ya Makunduchi huendelea kwenda bara. Huvuka nyika, hupanda uwanda wa kati, na baada ya safari ya zaidi ya kilomita 700 kutoka pwani hufika Segese, kata ya wakulima, wafugaji na wachimbaji wa dhahabu, iliyoko kaskazini mwa mji wa Kahama, katika Halmashauri ya Msalala, mkoani Shinyanga. Mtu asimamaye hapo jioni ya mwezi wa Agosti ataona mioshi mingi. Kuna moshi wa mashamba yanayosafishwa baada ya mavuno, kuna wa nyasi zilizoshika moto porini, wa matanuri ya mkaa, wa meko ya chakula cha jioni. Na kando ya mialo, mahali pa kusagia na kuoshea mawe ya dhahabu, kuna moshi mwingine usioonekana kabisa, ambao habari yake itafuata. Mioshi yote hiyo huinama upande mmoja, kaskazini-magharibi, kuelekea Geita, na Ziwa Viktoria, na milima ya Rwanda, na misitu ya Kongo. Hakuna mzee anayeitazama ili kuagua mwaka.

Basi moshi wa Segese hauendi Makunduchi, wala hauendi baharini moja kwa moja. Ni vizuri jambo hili kuelezwa mapema, kwani mengi yanayoandikwa juu ya uchafuzi wa anga huandikwa kana kwamba upepo ni gari la kukodi, liendalo popote mwandishi apendapo. Upepo una njia zake na nyakati zake. Mabaharia wa mwambao walizijua njia hizo karne nyingi kabla ya kuwapo chombo chochote cha kupimia, na habari ya moshi wa Bahari ya Hindi haieleweki bila ya elimu yao.

Neno msimu katika Kiswahili cha zamani cha pwani lilibeba maana mbili pamoja: majira yenyewe, na pepo ziletazo majira hayo pamoja na vyombo na watu. Limetoka katika Kiarabu, mawsim. Wareno walilichukua wakalitamka kwa namna yao, na kutoka kwao likaenea katika lugha nyingine za Ulaya, hata leo mtaalamu wa hali ya hewa wa London atajapo pepo za Bahari ya Hindi hulitumia neno la mabaharia bila ya kujua kwamba analitumia. Kaskazi huvuma tangu Disemba hadi Machi, ikitoka Bara Hindi na Arabuni, nayo ndiyo iliyoleta majahazi ya tende, mazulia na vyombo vya udongo. Kusi huanza mnamo Aprili, hukaza Juni na Julai, na ndiyo iliyoyarejesha majahazi hayo yakiwa na boriti, pembe na karafuu. Hesabu ya siku ilifanywa kwa miongo, kumi kumi, kuanzia Nairuzi; nahodha aliyekosea hesabu hiyo alibaki bandarini mwaka mzima, akaoa, akapata watoto, na pengine asirudi kwao tena. Vasco da Gama alipoondoka Malindi tarehe 24 Aprili 1498 na kuifikia pwani ya Kalikut tarehe 20 Mei, hakugundua kitu. Alipewa rubani aliyejua kwamba kusi imefungua mlango. (Wengi bado wanasema rubani huyo alikuwa Ahmad bin Majid, yule bingwa wa Julfar. Wachunguzi wa sasa hawakubali, na sifa za Ibn Majid zinatosha bila ya kuongezewa hiyo.)

Sababu ya mageuko hayo ya upepo ni jua. Wakati wa baridi ya kaskazini, nchi kavu ya Asia hupoa upesi kuliko bahari, hewa yake nzito hushuka na kumiminika kuelekea kusini. Wakati wa joto mambo hupinduka. Edmond Halley, mtu yuleyule wa nyota yenye mkia, alichora ramani ya pepo hizi mwaka 1686 na kueleza kwamba joto ndilo chanzo chake, ingawa maelezo yake hayakukamilika. Mwaka 1969 J. Findlater aliuonyesha mto mkuu wa upepo ambao wakati wa kusi huvuka ikweta ukipita kando ya nyanda za juu za Kenya, ukageuka juu ya Somalia na kukimbilia Bara Hindi kupeleka mvua. Ukuta wa milima ya Afrika ya Mashariki ndio unaoubana mto huo ukaenda kasi. Kwa hiyo mvua inayomwagilia mpunga wa Kerala ina deni kwa milima ya huku, deni ambalo halijawahi kudaiwa.

Elimu hii yote ilihusu upepo kama nguvu ya kusukuma tanga na kama mbeba mvua. Kwamba upepo huohuo hubeba uchafu, na kwamba uchafu huo nao una msimu wake, ni jambo lililothibitishwa juzi tu.

Tangu Januari hadi Machi mwaka 1999, kaskazi ikiwa imekolea, wanasayansi zaidi ya 200 kutoka Marekani, Ulaya, Bara Hindi na Maldivi walikusanyika katika visiwa hivyo, wakifanya makao yao makuu Malé. Kazi yao iliitwa INDOEX, yaani jaribio la Bahari ya Hindi. Walioiongoza walikuwa wawili: Veerabhadran Ramanathan, mzaliwa wa Madras aliyefanya kazi Kalifornia, na Paul Crutzen, Mholanzi aliyepata Tuzo ya Nobeli ya kemia mwaka 1995 kwa utafiti wa tabaka la ozoni, na ambaye alifariki dunia mwaka 2021. Walikuwa na ndege, walikuwa na meli, miongoni mwao Ronald H. Brown ya Marekani na Sagar Kanya ya Bara Hindi, na katika kisiwa kidogo cha Kaashidhoo walisimamisha kituo cha kuchuja hewa usiku na mchana. Mahali palichaguliwa kwa makusudi. Maldivi haina viwanda vya kutajika wala mashamba makubwa ya kuchomwa moto. Kilichonaswa katika vichujio vya Kaashidhoo kilikuwa kimetoka mbali.

Walichokiona hakikutarajiwa kwa ukubwa wake. Juu ya bahari ambayo kila mtu aliihesabu kuwa miongoni mwa mahali safi duniani, palitanda ukungu wa rangi ya kahawia, unene wake ukikaribia kilomita 3 kutoka usoni mwa maji, eneo lake takriban kilomita za mraba milioni 10. Ulienea tangu pwani za Bara Hindi hadi kuvuka ikweta, na haukukoma ila pale pepo za kaskazini zinapokutana na za kusini, katika mkanda wa mawingu na mvua, ambapo maji ya mbinguni huufua. Kusini ya mkanda huo hewa ilikuwa safi. Ndani ya ukungu mlikuwa na chumvi za salfa na naitreti, majivu, vumbi, na masizi meusi. Nuru ya jua iliyofika usoni mwa bahari ilikuwa imepungua, kwa makadirio yao, kwa asilimia 10 hivi. Na ulipofika msimu wa mvua za kusi, wingu lote lilioshwa, bahari ikarudia usafi wake, hadi kaskazi nyingine.

Hapa mpenzi wa lugha hana budi kusimama kidogo, kwani lililofuata lilikuwa ugomvi wa jina. Mwaka 2002 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, ambalo makao yake yako Nairobi, lilitoa taarifa iliyoliita jambo hilo wingu la kahawia la Asia. Wanasayansi na viongozi wa Bara Hindi walikasirika. Kwa nini Asia, ilhali Ulaya na Marekani zilitia masizi angani karne mbili nzima bila ya wingu lolote kupewa jina lao? Na je, moshi wa mavi ya ng'ombe, aliowasha mama maskini apike chapati, uwekwe katika mizani moja na moshi wa magari ya matajiri? Baada ya mabishano jina lilibadilishwa, likawa mawingu ya kahawia ya angani tu, bila ya kutaja bara. Yaweza kusemwa kwamba huko ni kupoteza wakati. Lakini watu wa mwambao, ambao wameitwa majina mengi na wageni wengi, wanaelewa kwamba jina likishabandikwa hubeba hukumu.

Swali la nani hasa aliyewasha moto lilijibiwa kwa njia ya ajabu. Kila kitu kilicho hai huvuta kutoka hewani kaboni yenye mnururisho, ambayo baada ya kifo hupungua polepole, nusu kwa kila miaka 5,730 hivi. Kuni zilizokatwa jana zina kaboni hiyo. Makaa ya mawe na mafuta ya petroli, yaliyolala ardhini mamilioni ya miaka, hayanayo hata chembe. Kwa hiyo masizi yana umri, na umri huo husomeka. Mwaka 2009 Örjan Gustafsson wa Stockholm na wenzake walitangaza matokeo ya vipimo vya umri wa masizi yaliyokusanywa Hanimaadhoo, kaskazini mwa Maldivi, na katika mlima wa Sinhagad, Bara Hindi. Sehemu kubwa, kama theluthi mbili, ilikuwa changa: kuni, mavi makavu, mabua, nyasi. Kumbe wingu lililofunika bahari halikutoka katika mabomba ya viwanda peke yake. Lilitoka jikoni na shambani, katika mioto midogo isiyohesabika, ambayo kila mmoja peke yake usingemsumbua hata jirani.

Kaskazi haikomei Maldivi. Ingawa hewa ifikayo Lamu, Mombasa na Unguja imekwisha kuchanganyika na kupungua makali, haiji mikono mitupu. Katika mlima Kenya, kwenye kimo cha mita 3,678, kuna kituo cha kupima hewa kilichofunguliwa mwaka huohuo wa 1999. Katika miezi ya kaskazi hewa ipitayo hapo imetoka upande wa Arabuni, Bara Hindi na Afrika ya kaskazini, na katika miezi ya kusi hutoka upande wa bahari ya kusini. Ni kalenda ileile ya manahodha, isipokuwa shehena ndiyo iliyobadilika.

Wala Afrika si mpokeaji tu. Kila mwaka, tangu Juni hadi Oktoba, nyika na miombo ya kusini ya ikweta huwaka, na hakuna bara duniani liunguzalo nyasi nyingi kuliko hili. Mwaka 2000 watafiti wa mradi ulioitwa SAFARI 2000 waliona moshi wa nchi nyingi ukikusanyika juu ya kusini mwa Afrika, kisha ukatoka kwa mkupuo kuelekea Bahari ya Hindi. Waliuita mto wa moshi, na hapana shaka waliupa jina linalostahili. Katika kisiwa cha Réunion, ambako mapurutangi ya kupima ozoni yamekuwa yakirushwa tangu 1992, ozoni ya tabaka za chini huongezeka kila ifikapo Septemba hadi Novemba, na moja ya sababu zake ni mioto ya Afrika na Madagaska. Bahari hii basi hupokea moshi kwa zamu: wa Asia wakati wa kaskazi, wa Afrika kusi inapokaribia mwisho.

Moto wa Shinyanga una historia yake, tena iliyoandikwa. Mwaka 1858, John Hanning Speke alipotoka Kaze, yaani Tabora, kwenda kaskazini akiwa na Sidi Mubarak Bombay na wapagazi, akapita nchi ya Msalala na kulifikia Ziwa tarehe 3 Agosti, alipita katika kiangazi, msimu wa nyasi kavu. Wakati huo mashamba, malisho na pori vilikaa pamoja kwa mizani ya kale. Mizani hiyo ilivunjwa mwishoni mwa karne ya 19 na sotoka, njaa na vita. Ng'ombe walikufa, watu walihama, pori likarudi, na ndani ya pori mbung'o. Ndipo alipokuja C. F. M. Swynnerton, msimamizi wa kwanza wa wanyama wa Tanganyika chini ya Waingereza, tangu 1919, na baadaye mkuu wa utafiti wa mbung'o, makao yake yakiwa Shinyanga. Aliamini kwamba moto ndio silaha. Aliwashauri watawala na watemi kwamba nyasi zisichomwe mapema, kidogo kidogo, kama wenyeji walivyozoea, bali zizuiwe hadi ukame ukolee, kisha ziwashwe kwa pamoja, ili moto uwe mkali wa kuua vichaka anamojificha mdudu. Watu kwa maelfu waliitwa kukata miti na kulinda mipaka ya moto. Swynnerton aliyaandika yote katika kitabu kikubwa kilichotoka 1936, na miaka miwili baadaye akafa katika ajali ya ndege akielekea Dar es Salaam.

Mbung'o walirudi nyuma kweli. Lakini baada ya moto yalikuja mashamba ya pamba, makundi ya ng'ombe na mahitaji ya kuni, hata kufikia miaka ya 1980 sehemu kubwa ya mkoa ilikuwa imebaki wazi, upepo ukizoa udongo pasipo kizuizi. Mwaka 1986 Serikali ilianzisha Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, na busara yake ilikuwa kutowaletea Wasukuma jambo geni: iliwaomba wafufue ngitili, sehemu za malisho ambazo mababu walizifunga wakati wa mvua ili nyasi ziwasaidie wakati wa kiangazi. Zaidi ya hekta 300,000 zilirudishiwa uoto. Mti uliosimama ni moshi ambao haukutokea, ingawa hakuna chombo kiwezacho kuupima moshi wa namna hiyo.

Moshi uliotokea hupimwa. Katika mlima Mugogo, kaskazini-magharibi mwa Rwanda, kwenye kimo cha mita 2,590, kuna kituo kinachosoma masizi ya anga la Afrika ya kati na mashariki. Vipimo vyake vina vilele viwili kwa mwaka, vya misimu miwili ya ukame. Katika kilele cha Juni hadi Agosti hewa hufika kutoka kusini-mashariki, ikiwa imepita juu ya Tanzania. Watu wa maabara ileile ya Stockholm iliyosoma umri wa masizi ya Maldivi wamesoma pia ya Mugogo, na wameyakuta karibu yote kuwa machanga, ya nyasi na miti. Segese haitajwi kwa jina katika taarifa hizo, lakini iko katika njia.

Moshi huo, hata ukienda mbali, huishi siku chache, au wiki moja mbili, kisha mvua huushusha. Ule mwingine, usioonekana, una umri mrefu zaidi.

Mwaka 1990 Benki Kuu ya Tanzania ilianza kununua dhahabu kutoka kwa wachimbaji wadogo, na watu wakamiminika katika ukanda wote wa kusini ya Ziwa, kutoka Geita hadi Kahama. Migodi mikubwa ilifuata: Geita mwaka 2000, Bulyanhulu, jirani na Segese, mwaka 2001, baada ya wachimbaji wadogo kuondolewa katika eneo hilo mnamo Agosti 1996 kwa namna iliyoacha kesi na machungu. Mchimbaji mdogo hana kiwanda. Mawe yatokayo katika maduara husagwa kwa karasha, unga huoshwa kwa maji juu ya mikeka iliyolazwa kwa mshazari, na kilichonaswa humwagiwa zebaki katika karai na kukandwa kwa mkono. Zebaki huikumbatia dhahabu na kuuacha mchanga. Mchanganyiko hukamuliwa kwa kitambaa mpaka ibaki tonge ya rangi ya fedha, ambayo nusu yake hivi ni zebaki. Kisha tonge huwekwa juu ya moto wa mkaa. Zebaki huchemka kwenye nyuzi 357, dhahabu haiyeyuki hadi 1,064. Kwa hiyo moja huondoka, nyingine hubaki, na rangi ya manjano hujitokeza mbele ya macho ya watu wenye deni.

Neno zebaki Waswahili wamelitoa kwa Waarabu, na Waarabu kwa Waajemi, ambao asili ya neno lao ina maana ya kitu kilicho hai. Waliolitunga waliona jinsi inavyotambaa sahanini kama kiumbe. Hawakujua kwamba uhai wake mkubwa huanza pale isipoonekana tena. Mvuke wake hauna rangi wala harufu. Huingia mapafuni mwa mchomaji na mwa mtoto aliyeketi mgongoni mwake, hushambulia mishipa ya fahamu, huleta kutetemeka kwa mikono na usahaulifu; na kwa sababu dalili hizo huja polepole, hupewa majina ya maradhi mengine, na mara nyingine ya uchawi. Sehemu ya mvuke hutua papo hapo. Profesa Justinian Ikingura wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na Hirokatsu Akagi wa Japani, waliipima kwa kutumia likeni, ule ukoga wa kijivu ushikao magome ya miti, ambao hauna mizizi na hujilisha kwa kile kiletwacho na hewa. Likeni za karibu na mialo zilikuwa zimejaa zebaki, na kadiri walivyokwenda mbali ndivyo ilivyopungua. Huko Rwamagasa, Geita, mradi wa Umoja wa Mataifa ulioanza 2002 uliukuta uchafuzi huohuo katika udongo na katika miili ya wachomaji.

Sehemu iliyobaki hupanda. Zebaki iliyokwisha kuwa mvuke huweza kukaa angani miezi mingi, hata kufikia mwaka, muda ambao hakuna upepo wala msimu uwezao kuifungia mahali pamoja. Taarifa ya Umoja wa Mataifa ya 2018 ilikadiria kwamba shughuli za wanadamu zilitia hewani tani 2,220 za zebaki katika mwaka 2015, na kwamba tani 838 kati ya hizo zilitoka kwa wachimbaji wadogo wa dhahabu duniani kote, zaidi ya makaa ya mawe. Katika kisiwa cha Amsterdam, kipande cha ardhi cha Wafaransa kilicho peke yake kusini kabisa mwa Bahari ya Hindi, zebaki ya hewani imekuwa ikipimwa tangu 2012. Ni kidogo mno huko; lakini ifikapo Julai hadi Septemba huongezeka kwa kiasi kinachosomeka, wakati hewa inapotoka kusini mwa Afrika na moshi wa nyika zake, kwani mimea nayo huwa na zebaki iliyoipokea kutoka angani, na ikiungua huirudisha.

Mwishowe zebaki hubadilika umbo na kushuka na mvua. Baharini vijidudu huigeuza kuwa sumu iingiayo katika minofu, dagaa huila, kibua humla dagaa, jodari humla kibua, na kila mlaji hurithi hesabu yote ya aliyemla. Ni sumu ya namna hiyo iliyowaua na kuwalemaza watu wa Minamata, Japani, ambako ugonjwa ulitambuliwa rasmi mwaka 1956 na ambako jina lake lilipewa mkataba wa mwaka 2013 wa kuipunguza zebaki duniani. Tanzania iliuridhia mwaka 2020. Hakuna awezaye kulishika jodari sokoni Darajani na kusema zebaki yake imetoka Segese. Hewa huchanganya mali za watu wote. Linalojulikana ni njia. Zebaki haichimbwi Tanzania. Huletwa kutoka ng'ambo, husafirishwa hadi bara, hugawanywa katika vichupa vidogo na kuuzwa kwa gramu. Huingia kwa mikono ya wafanyabiashara, hutoka kwa moto wa mkaa.

Kipo chombo cha kuinasa, retoti, sufuria iliyofunikwa yenye bomba la kupoozea, ambayo ikitumiwa vizuri hurudisha karibu zebaki yote ikatumika tena. Imeletwa vijijini mara nyingi na miradi mingi, na mara nyingi imeachwa. Walioileta hulalamika kwamba wachimbaji ni wagumu wa kuelimika, lakini lawama hiyo haina haki. Mchimbaji mwenye tonge moja, aliyelishwa na mfadhili kwa wiki sita akiwa duarani, hataki dhahabu yake ifungwe ndani ya chuma mahali asipoiona, huku wagawana wenzake watano wakiwa wamesimama na kila mmoja akimtilia shaka mwenzake. Moto wa wazi ni shahidi wao. Hiyo ndiyo sababu uchomaji huendelea mbele ya hadhara, saa za jioni, watu wakiwa wameinama.

Mchomaji mzoefu hainami. Husimama akiupa upepo mgongo, ili kitokacho katika tonge kiende mbele yake na si usoni mwake. Katika mwezi wa Agosti, Segese, huwa ameelekea kaskazini-magharibi, upande wa Ziwa. Ikifika Januari huhamia upande wa pili wa jiko.